Jiji Nililoliona Mara Mbili

Nyumbani wananiita Bi Najua. Ukiniambia chai ni ya moto nitakujibu najua, halafu niungue ulimi. Siku naondoka kwenda ugenini kusomea ufamasia, mama alinipa wosia mmoja tu: nisione haya kuuliza. Nikamjibu nini? Najua.

Miezi minne baadaye sikuwa nimemuuliza mtu hata njia ya chooni. Wiki ya kwanza darasani nilifungua mdomo, mwenzangu mmoja akaigiza lafudhi yangu, benchi zima likacheka. Tangu hapo mdomo nikaufunga. Nilijua maabara na chumba changu cha bweni, basi. Jiji lenyewe nililiona kupitia dirisha la basi.

Ijumaa ile nilitoka kwa lazima. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kinaisha siku hiyo hiyo, na fomu ya kuomba kipya ilitakiwa ifike ofisi ya uhamiaji kabla ya saa tisa alasiri. Ikichelewa, chuo kinanifuta kwenye mtihani wa Jumatatu, na mwaka mzima umekwenda na maji. Karatasi ya maelekezo niliipitia juu juu. Ofisi zote si ni zile zile? Saa tatu asubuhi nikaingia duka la fotokopi, nikatoa kopi za pasi yangu ya kusafiria, nikazitia kwenye bahasha, nikaondoka. Nyuma nikasikia sauti ya kike ikiita, "We binti! Binti!" Sikugeuka. Ukigeuka unasemeshwa, na ukisemeshwa inabidi ujibu.

Miadi yangu ilikuwa saa saba, kwa hiyo nikaamua kutalii. Nikajipoteza makusudi, kona hii kulia, ile kushoto. Nikapanda ngazi za mawe mpaka pumzi ikaniishia, nikavuka daraja la chuma, nikasimama dirishani kwa muuza kofia nikijichagulia kofia nisizoweza kuzivaa popote. Karibu kila kitu nilikipiga picha nimtumie mama. Raha niliyoipata siwezi kuificha. Nilitembea nikicheka peke yangu kama aliyerukwa na akili.

Saa saba nikawa kwenye foleni, namba mkononi, watu watatu mbele yangu. Nikafungua bahasha nijiandae. Fomu ipo. Kopi zipo. Pasi haipo. Nilikuwa nimeiacha chini ya kifuniko cha mashine, na duka lenyewe silijui jina wala mtaa.

Karani alikuwa hatua tano tu kutoka niliposimama. Mwenye akili zake angemwendea akamweleza. Mimi nikatoka mbio.

Sasa njia naipata wapi? Nikatoa simu, nikaanza kuzifuata picha zangu kinyumenyume. Kofia zile, hizi hapa. Daraja, lile pale. Lakini kati ya daraja na ngazi sikuwa nimepiga hata picha moja, na barabara zilikuwa tatu. Pembeni alikaa mshona viatu, sindano mdomoni, hana hata mteja. Nikampita. Nikashika barabara ya kwanza, ikaishia kwenye ukuta wa kiwanda. Ya pili ikanirudisha darajani. Yule mshona viatu akaniangalia mara ya tatu, akatoa sindano mdomoni, akangoja niseme. Nikainamisha kichwa nikashika ya mwisho. Nilijichukia, jamani, lakini ulimi uligoma kabisa.

Saa nane na nusu nikawa mbele ya picha yangu ya kwanza: paka amelala juu ya katoni ya karatasi, dirishani kwa duka la fotokopi. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, hata hakuniuliza shida yangu. Akavuta droo, akanipa pasi.

"Nilikuita mpaka kona ile," alisema. "Ukazidi kukaza mwendo."

Nikashukuru, nikakimbia.

Nilipofika, mlinzi alikuwa anafunga mlango wa kioo. Akanionyesha saa yake: tisa kasoro dakika moja, na wa mwisho wameshaingia. Hapo ndipo nikaongea. Niliongea na lafudhi yangu yote, maneno yakipishana, kibali, mtihani, mashine, paka, jasho na machozi pamoja. Mlinzi hakucheka. Aliiangalia namba yangu, akausukuma mlango.

Karani akapokea fomu, akahesabu kopi, akagonga muhuri. Nikamsukumia pasi dirishani. Akanirudishia bila kuifungua.

"Hii utakuja nayo siku ya kuchukua kibali. Leo tunapokea nakala tu."

"Lakini nilikuwa hapa saa saba," nikasema. "Nilikuwa nazo nakala."

"Sasa mbona hukuuliza?"

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za ofisi. Mama akapiga. Picha zimefika, ni nzuri. Je, jiji nimeliona? Nikamwambia nimeliona mara mbili, kwenda na kurudi. Akataka kujua kwa nini mara mbili, nikamsimulia yote, bila kuficha hata yule mshona viatu.

"Ungeuliza tu, mwanangu."

Neno langu lile likanijia mpaka mdomoni. Nikalimeza, nikalia.