Kompyuta ya Kando ya Kitanda cha Mamake

Binamu yangu aliniomba kompyuta ya binti yangu ikaonyeshe picha kwenye harusi ya mwanawe. Nilipaswa kumwambia kwamba kitu hicho si changu. Nilimwambia, "Tuma watu waje waichukue."

Tulikuwa barazani, baada ya sala ya alasiri, na wazee wenzangu walikuwa wakisikiliza. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimewachosha kwa sifa za mashine ile: ina kasi, haisikiki, tumeiunda wenyewe kwa mikono yetu. Ningekataaje mbele yao? Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba nilipenda kuombwa.

Binti yangu alikuwa amerudi Lamu kwa sababu mamake alipooza upande mmoja. Alikuwa akiandika programu kwa kampuni moja ya Nairobi, nao wakamkubalia afanye kazi nyumbani mradi asichelewe. Aliweka meza yake kando ya kitanda. Tatizo lilikuwa kompyuta yake ndogo ya mkononi. Kila alipoipa kazi nzito ilipata moto na kuvuma, na tangu maradhi yale mke wangu hakustahimili kelele.

"Mtoweni huyo nyuki," alisema siku moja, macho kayafumba. "Au nitoweni mimi."

Ndipo binti yangu akaamua kuunda nyingine. Aliiuza ile ndogo apate pa kuanzia, akanunua Mombasa kasha la mtumba la kompyuta ya ofisini, jeusi, zito, likaja kwa boti, kisha likaletwa mtaani kwetu Langoni kwa mkokoteni. Mimi nilikuwa nimestaafu kazi ya kutengeneza redio, lakini bisibisi zangu zilikuwepo. Nilidhani nitamfundisha. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Nilimuuliza kwa nini hanunui kadi ya picha, niliyosikia vijana wakiisifia.

"Hiyo ni ya wacheza michezo ya kompyuta, Baba. Mimi naandika maneno tu. Pesa ziende kwenye prosesa na kumbukumbu, na diski isiyo na kitu kinachozunguka. Kisichozunguka hakilii."

Kuhusu feni, yeye alitaka moja kubwa. Mimi nilitaka mbili ndogo. Akanieleza kwamba kubwa huzunguka polepole na bado hupuliza hewa ya kutosha, ilhali ndogo lazima ikimbie, na kukimbia ndiko kunakopiga kelele. Maisha yangu yote nimekuwa na feni darini na sikuwahi kulifikiria hilo. Mchango wangu ulikuwa mpira: nilikata ndara yangu kuukuu vipande vidogo, tukaviweka chini ya skrubu za feni ili mtetemo usifike kwenye bati. Binti yangu aliweka sikio, akaniangalia, akacheka kama alivyokuwa akicheka utotoni.

Siku ya kupaka dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa niliminya tyubu kwa ukarimu.

"Baba! Kiasi cha punje ya mchele. Hiyo si siagi!"

"Mwachie," mke wangu akasema kutoka kitandani. "Babako hata mkate hupaka hivyo. Na zombo zenu hizi muziondowe, nipate ndia ya kupita siku n'takapotembea."

Alisema siku n'takapotembea. Sisi wawili tuliendelea kufunga skrubu.

Ilipowashwa hatukuamini kama imewaka. Taa ndogo tu ndiyo iliyotuambia. Kazi iliyokuwa ikila nusu ya asubuhi sasa iliisha kabla ya kikombe cha kahawa kupoa, na mke wangu alilala karibu yake usingizi mzuri. Nilizoea kupita mlangoni ili nione tu: mmoja amelala, mwingine anaandika, mkono wake wa kushoto umeshikwa na mamake. Sijapata kuona nyumba yangu ikiwa tulivu namna ile.

Watu wa harusi walipokuja, binti yangu alikuwa Chundwa, kijiji cha kisiwa jirani, kwa mamake mdogo aliyefiwa. Mtandao ulikuwa umekatika mjini siku nne, kwa hiyo kazi yake ya siku hizo ilikuwa ndani ya mashine peke yake. Lakini simu za kawaida zilifanya kazi. Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Sikupiga.

"Kitu si chako wala si changu," mke wangu alisema. "Mngoje mwenyewe aye."

"Ni saa mbili tatu tu."

"Bwana, nakwambia mngoje."

Niliibeba mwenyewe hadi mlangoni.

Kule harusini waliichomeka moja kwa moja kwenye jenereta. Nilikuwepo. Mimi, niliyefungua redio zisizo na idadi zilizounguzwa na jenereta, nilikaa kitini nikapokea pongezi, sikuuliza kifaa cha kutuliza umeme kiko wapi. Jenereta iliyumba, umeme ukapanda. Skrini ikazimika, kisha ikaja harufu ninayoifahamu kuliko mtu yeyote pale. Ubao mkuu wa mashine na diski, vyote viliungua.

Aliporudi, binti yangu hakunifokea. Aliligusa kasha, akauliza, "Ulishindwa kunipigia, Baba?" Nikamwambia hapana, sikushindwa.

Hakuwa na kompyuta nyingine wala njia ya kununua nyingine upesi, na kazi ya siku nne ilikuwa imepotea. Kampuni ikamwambia aje ofisini, ambako mashine zipo, au aache kazi. Dawa za mamake zilitoka kwenye kazi hiyo. Akaenda Nairobi.

Mke wangu alimuulizia kila asubuhi, na kila asubuhi nilimjibu kwamba yuko karibu kuja. Alifariki siku ya kazi, asubuhi mapema. Maziko hayangoji, tulimzika alasiri. Ndege ya kwanza aliyopata binti yangu ilitua uwanja wa Manda siku iliyofuata.

Watoto wa kike huku ndio huosha mama zao. Wangu hakumwosha wake. Waliomwosha ni majirani. Nilisema ndiyo mahali pa hapana, na kwa sababu hiyo mke wangu alikufa bila binti yake kando yake, na binti yangu hakumuaga mamake.