Nilikata Salamu ya Dada Butoyi

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Shetani mwenyewe siku ile alikuwa na shughuli zake kwingine. Kazi yote niliifanya mimi, kwa kidole kimoja.

Mimi ni mwanamke wa Ujiji, kidato cha nne, tena cha kujikongoja. Ni mtu wa ndani. Majirani hunitania kwamba nikionekana barabarani basi kuna msiba, au maji yamekatika. Ila simu naijua! Nikikaa mkekani na bando langu, hakuna video ya mtandaoni itakayonipita.

Ndiyo maana mwalimu mmoja mstaafu, aliyefungua kituo cha masomo pale Rusimbi kwa watu wazima wanaotaka kufanya mtihani wa kidato cha nne, alinifuata nyumbani.

"Binti, kutwa nzima uko na simu," akaniambia. "Njoo ukae nayo darasani, angalau itusaidie."

Nikaenda. Kazi yangu ilikuwa kupakua video za sayansi, kuziwasha kwenye projekta, na kutengeneza maswali ya kubonyeza kwenye simu ili watu wajipime wakiwa kwao. Wanafunzi wenyewe walikuwa mafundi cherehani, mama ntilie, wavuvi. Siku ya kwanza video ya moyo wa binadamu ilipowaka ukutani, unadunda, mvuvi mmoja alisimama akashika kifua chake. "Kumbe ndiye huyu!" alisema. Nikajiona nimepata kazi ya maana maishani.

Kati yao alikuwepo dada nitakayemwita Butoyi, ingawa si jina lake. Alitoka Kagunga, kule karibu na mpaka wa Burundi, kwa boti. Shule aliiacha kidato cha pili kwa ajili ya ujauzito. Sasa alikuwa anakaribia miaka thelathini. Binti yake wa darasa la sita alimwacha kwa bibi, yeye akaja kukaa kwa shangazi yake Rusimbi kwa jambo moja tu: afanye mtihani mwaka ule, kisha akasomee uuguzi.

"Kwetu mwanamke akishikwa na uchungu, watu wanaanza kutafuta boti," aliniambia. "Mimi nataka waanze kunitafuta mimi."

Basi nikaleta wazo. Kila mwanafunzi aeleze mada moja mbele ya simu, nirekodi, niweke kwenye chaneli ya darasa ili wengine wairudie. Butoyi akapewa maji yanavyogeuka kuwa mvuke. Alikuja na sahani mbili za dagaa, wabichi na wakavu! Akaeleza kwa nini waliotandazwa wanakauka upesi kuliko waliorundikwa, upepo unafanya nini, jua linafanya nini. Juzi yake tulikuwa tumeangalia video ya nje kuhusu jambo hilohilo, yenye chupa za kioo na Kizungu kingi, na tukabaki tunatazamana. Ya Butoyi tuliielewa wote. Hata mimi, niliyepata F ya fizikia kwa juhudi zangu binafsi.

Sasa, alikuwa na desturi yake. Kabla ya kusema mbele ya watu alipinda magoti kidogo, akapiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa kama anayekinga maji, akasema, "Mwakeye." Kisha akangoja. Hasemi neno jingine mpaka waitikie. Salamu ya Kiha haina haraka, hasa kwa watu wa vijijini. Darasa likaitikia, wengine wakapiga makofi kama yeye, ndipo akaanza somo.

Mimi mtoto wa mjini, Kiha changu ni cha kuombea chumvi tu, nikaona ni kichekesho.

Nilipokuwa napunguza urefu wa video, nikachukua kile kipande cha salamu. Nikakikata palepale, kabla watu hawajaitikia. Nikakirudiarudia mara nane, nikatia mdundo wa ngoma, juu nikaandika: "Profesa wa dagaa anaomba kuingia." Nikakitupa kwenye kundi la darasa.

Watu walicheka! Yeye mwenyewe akatuma vikatuni vitatu vya kucheka mpaka machozi. Nikajipongeza. Nikajiita msanii. Nikala wali wangu nikalala.

Ole wangu! Mmoja akaiweka kwenye stetasi. Kutoka hapo ikafika Kibirizi, kwenye bandari ya boti, na boti ziendazo Kagunga hazibebi mizigo peke yake, zinabeba na watu wenye simu.

Siku ya nne asubuhi Butoyi akaja nyumbani. Nilikuwa namenya mihogo.

"Karibu, profesa!" nikamtania. Jamani, nilimtania tena!

Hakukaa. "Mdogo wangu, mama amenipigia simu. Anauliza huku mjini nimemkosea nani."

"Kumkosea nani, kivipi?"

"Ameoneshwa ile video. Ameniona nasalimia, siitikiwi. Nasalimia tena, siitikiwi. Amehesabu, mara nane. Ananiuliza, 'Mwanangu, ni watu gani hao unaowapigia magoti, hata hawakuitikii? Umefanya nini?' Analia."

Nikaweka kisu chini. "Lakini dada, tuliitikia! Ule ulikuwa utani tu, mimi ndiye niliyekata."

"Najua ulikata. Nimweleze vipi mama? Yeye ameona kwa macho yake. Kwetu salamu isiyoitikiwa si utani. Ni mtu kuambiwa hayupo."

Nikamvutia kigoda. Hakukitazama.

"Na binti yangu akisimama kujibu swali darasani, wenzake wanampigia makofi hayohayo. Tangu juzi hataki kwenda shule."

Unajua nilijibu nini? Badala ya kusema nisamehe, nikajitetea! "Sasa mbona na wewe ulicheka kwenye kundi?"

Akanitazama kama anayetazama mtoto. "Darasa zima linacheka. Ulitaka nilie mimi peke yangu?"

Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu. Nilimshika mkono, nikamsihi avumilie, amalize, ndipo aende. Akautoa mkono wake taratibu. "Nisimame tena mbele ya nani? Kila nikifungua mdomo watu wanangoja nipige makofi. Acha niende kwa mwanangu." Kesho yake akapanda boti.

Nilifuta kile kipande kwenye kundi, nikafuta na kwenye simu yangu. Kazi bure! Kilikuwa kwenye simu za watu nisiowajua hata kwa sura. Nikatafuta namba za watu wa Kagunga, nikawatumia video nzima, ile yenye watu wanaoitikia na somo lote la dagaa, nikawaomba waisambaze kama walivyosambaza ile nyingine. Kijana mmoja wa huko akanijibu: "Sista, hii ndefu haichekeshi."

Mtihani ukafika. Namba yake ilibandikwa kwenye meza yake, na kiti kikabaki kitupu hadi siku ya mwisho.

Mwalimu hakunifokea. Afadhali angenifokea! Alikunja waya wa projekta polepole, akasema, "Darasa hili nililifungua ili mtu mzima apate mahali pa kujaribu bila kuchekwa. Ni hilo tu nililokuwa nalo, binti." Nikaomba radhi, nikaacha funguo mezani. Sijarudi pale.

Siku hizi nimejifungia ndani kuliko zamani, na majirani wameacha kunitania. Nadhani wanajua.

Miezi baadaye nilipata ujasiri, nikampigia. Alipokea. "Nimeshakusamehe, mdogo wangu," alisema, na kwa sauti yake nilijua ni kweli. "Binti amerudi shule."

"Na wewe, dada? Mwaka huu utajiandikisha?"

"Mimi niko kwenye dagaa," akasema. Kisha akaniulizia hali ya mama yangu, kwa kirefu, kama kawaida yao. Nilipokata simu nilijifunika kanga usoni nikalia. Msamaha ule ulinichoma kuliko tusi lolote.

Ninyi mnaofundisha kwa simu na video, sisemi mzitupe. Nimeona kwa macho yangu zinavyomfumbua mtu akili. Nawaomba hili tu: mwanafunzi anapokukubalia umrekodi, amekukabidhi sura yake kwa ajili ya somo, hajakupa ya kuchezea. Kabla hujatuma chochote, muulize. Tena muulize mkiwa wawili, usimuulize kwenye kundi linalocheka, maana pale hata aliyeumia atacheka. Akisita kidogo tu, futa, uendelee na chaki yako.

Ni swali la maneno matatu tu: "Dada, nitume hii?" Mimi sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kuchekesha watu.