Nyumba ya Bibi Harusi, Kirushya

Niliondoka Biharamulo asubuhi bila ugomvi na mtu. Nilikuwa nimebeba magunia sokoni kwa miezi mitatu, sura zote nimeshazizoea, na hata mbwa wa buchani alikuwa hanibwekei tena. Nikafunga shuka na sufuria kwenye mfuko, nikasimama barabarani. Lori la kwanza kusimama lilikuwa linakwenda kupakia ndizi Kirushya, wilayani Ngara. Sikuwa nimewahi kufika Kirushya. Nikapanda.

Ulikuwa mwaka wa korona. Dereva alikuwa mcheshi, akapiga hadithi njia nzima huku anakohoa, na kila akikohoa alisema ni vumbi. Nilikubali. Vumbi lilikuwepo kweli, na aliyepewa lifti hachagui kikohozi. Tulikula karanga kutoka mfuko mmoja. Tulipofika, akazima injini, akalaza kichwa kwenye usukani, akashindwa kushuka. Mhudumu wa zahanati akaja amefunika pua na mdomo, akampima joto, akampeleka kituo cha afya. Nitangulie kusema kwamba alipona, na bado anashikilia kuwa lile lilikuwa vumbi.

Nikabaki mimi. Mtendaji wa kijiji, dada mdogo kuliko mimi, alisimama mbali kidogo na daftari lake.

"Kaka, ulikaa naye mbele?"

"Nilikaa naye. Na karanga tumekula pamoja."

"Basi wiki mbili ndani. Hutoki, hubebi mzigo wa mtu."

"Dada, mimi nikikaa ndani leo, kesho sili."

Akasema hilo walishaliona. Mkutano wa kijiji ulikuwa umekubaliana kwamba kibarua akizuiwa ndani kwa ajili ya ugonjwa, kijiji kimpe unga, maharage na posho kidogo kutoka kwenye ushuru wa gulio, asije akatoroka kutafuta kazi. Nilidhani ananitania. Tangu nilipoacha shule darasa la sita nimelipwa kwa kubeba, kwa kuchimba, hata kwa kufukuza nyani shambani. Kulipwa kwa kukaa sikuwahi kusikia. Nikamwomba arudie.

Akarudia, kisha akauliza, "Nyumba yako iko wapi?"

"Popote."

"Popote haina balozi wa nyumba kumi. Msaada unakwenda kwenye nyumba inayojulikana, na ndani asiwemo mtu mwingine wa kumwambukiza. Orodha inapelekwa kata saa kumi. Usipokuwa na nyumba, siwezi kukuandika."

"Nisipoandikwa?"

"Utalala darasani pale shuleni. Chakula ujitafutie."

"Nitajitafutiaje, na kutoka siruhusiwi?"

"Ndiyo maana nakwambia twende tutafute nyumba."

Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma kwa mbali kama mbuzi aliyekata kamba. Kila nyumba ilikuwa imejaa watoto. Mwishoni, katikati ya migomba, tukaona moja yenye bati jipya na mlango uliofungwa. Jirani yake tu, mama mmoja alikuwa anapura maharage uani.

"Shikamoo, mama!" nikapaza sauti.

"Marahaba. Hapana."

Habari zilikuwa zimetutangulia. Mtendaji akamsihi. Mama akasema nyumba ni ya mwanawe, aliyekwenda machimboni kutafuta mahari, na mchumba anakuja baada ya mavuno. "Sasa wa kwanza kulala humo awe mwanamume nisiyejua hata anakotoka?"

Wanawake waliokuwa wakipita njiani wakasimama kusikiliza.

"Haya, bibi harusi kafika, tena ana ndevu!"

"Na sufuria kaja nayo! Wa siku hizi gani anakuja na sufuria?"

"Mama, hebu mtazame meno kwanza!"

Mama hakucheka. Jua lilikuwa limeshapinda, na mtendaji alikuwa anatazama saa ya simu yake. Mama akaniuliza, "Ukiwekwa humo, utafanya nini?"

"Sitafanya kitu, mama. Nitakaa ndani, mlango umefungwa, niwe naletewa chakula mpaka siku zangu ziishe."

Akaacha kupura. "Kushika jembe?"

"Marufuku."

"Kwenda kisimani?"

"Marufuku pia."

"Mimi nilipoolewa niliwekwa ndani vivyo hivyo," akasema. "Sikushika jembe, sikuonwa na mtu, mama mkwe akanilisha mpaka mashavu yakajaa. Kumbe serikali nayo inaweka watu ndani! Kazi hiyo mimi naijua. Mwandike."

Mtendaji akaandika haraka kabla mama hajabadili mawazo. Sharti lilikuwa moja: moto wa kwanza katika nyumba ile auwashe mama mwenyewe, maana kwao nyumba haifunguliwi na mkono wa mgeni. Akachukua makaa kwenye kigae, akaingia. Moshi ulipoanza kupenya chini ya bati, akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama kwenye migomba.

"Haya, mkaza mwana, ingia. Viatu uvue."

Nikavua. Sakafu ilikuwa haijakanyagwa na mtu ila mama, nikatandika shuka kando ya mafiga. Nje, wale wanawake walikuwa wamesogea uani wapate kunichungulia dirishani, nikamsikia mama akiwafukuza.

"Rudini huko! Bibi harusi haonwi kabla ya siku zake!"