Kadi ya Gemu Juu ya Jiko la Mama

Kompyuta iliyo nyumbani kwangu Nshambya, hapa Bukoba, si ya kuandikia. Nimelikana hilo kwa miaka mingi, hata mbele ya wanangu, lakini makala zangu naandika kwa kalamu. Kompyuta naichezea gemu. Tena gemu lenyewe ni la kilimo. Naendesha trekta, navuna ngano, mimi ambaye kila msimu wa palizi humwambia mama yangu kule Muleba kwamba nimebanwa na kazi.

Kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, ndiyo iliyoniumbua. Ilikuwa kuukuu. Nikifika katikati ya shamba, ngano inageuka viraka vyeusi na feni inanguruma kama mashine ya kusaga. Kadi mpya ilikuwa ndoto, kwa hiyo fundi wa mjini akanishauri niagize ya mtumba kutoka Mwanza. Kabla haijaja akagundua pawa saplai yangu, kile kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, haina waya wa kuilisha. Nikatafuta pawa saplai. Ilipopatikana, boksi la kompyuta likawa fupi kwa vipimo vya kadi. Fundi akakata bati la ndani kwa msumeno huku nimelishika, mimi na shahada zangu mbili, unga wa chuma ukinijaa puani.

"Mama, si ungenunua tu kompyuta nyingine?" fundi akauliza alipomaliza.

Alipomaliza.

Siku ya mzigo, basi lilifika Bukoba bila kadi. Kondakta akanishangaa. "Dada, mzigo wenye jina lako si huwa tunaushusha Muleba kwa bibi? Ile sukari, zile dawa unazomtumia?"

Nikiwa bado stendi, mama akapiga simu.

"Mzigo wako umenyeshewa. Nimeuweka juu ya jiko, penye moshi, pamoja na mbegu za maharage. Utakauka."

"Mama, kitu kile hakitaki moshi. Kishushe, tafadhali. Ni cha kazi."

"Kazi ile ya trekta?"

Nikakumbuka. Alilala kwangu alipokuja kung'olewa jino. Kumbe mlango sikuufunga vizuri.

"Nilikuona unavuna, mwana wange. Hata jasho huna."

"Nakuja kesho kukichukua."

"Njoo. Jembe lako lipo. Kibanja kimejaa magugu mpaka kwenye mibuni. Ukimaliza kupalilia nitakishusha."

"Si ukishushe sasa hivi?"

"Kikiwa kwenye moshi utawahi," akasema, akakata simu.