Yeye Hakuweza Kuanza, Mimi Sikuweza Kusimama

Nimeendesha kreni bandarini kwa miaka mingi, na sitaficha, nilikuwa nikijivuna. Kontena zima nililiweka juu ya trela kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Madereva wakijua ni zamu yangu walinipungia mkono kutoka chini. Sikuzaliwa Pwani, nilikuja kutoka bara nikiwa kijana kutafuta kazi, nikaoa, nikajenga Miritini, na sasa watoto wangu ndio wanaonisahihisha Kiswahili.

Asubuhi moja nilikuwa nateremka ngazi ya kreni, dunia ikapinduka. Nilikumbatia chuma kwa mikono miwili nikafumba macho mpaka ikatulia kidogo. Nilipofika chini nikatapika. Nikataka kumwendea msimamizi wangu, nikajikuta naelekea ukutani. Ulimi nao ulikuwa mzito. Msimamizi akanisogelea, akaninusa mdomo.

“Mzee, umekunywa?”

“Chai,” nikasema, na hata neno hilo lilitoka kilevi.

Walinikalisha kwenye benchi la getini kama mtu aliyefumaniwa, wakampigia simu mke wangu. Alipofika hakuuliza maswali mengi. “Huyu ni mzee wa kanisa,” aliwaambia. “Hajagusa pombe tangu nimjue. Tafuteni gari.”

Hospitalini walinipiga picha ya kichwa, kisha daktari akatueleza. Ni kiharusi, kidogo, lakini kimepiga sehemu ya nyuma ya ubongo, huku kisogoni. “Sehemu hiyo ndiyo inayopima mwendo,” alisema. “Nguvu zako unazo zote. Ulichopoteza ni kipimo.”

Kipimo! Mimi ambaye maisha yangu yote yalikuwa kipimo. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe, unakipita na kwenda kuangusha chupa ya chai. Nikitembea natanua miguu kama mtu aliyesimama juu ya trela linalokwenda, na nikishashika mwendo siwezi kusimama mpaka nipate kitu cha kushika. Mtaani wakaanza kuulizana, “Mzee wa kanisa ameanza lini?” Leo nacheka. Wakati ule nilijifungia ndani.

Baada ya wiki chache nikaanza kwenda kliniki kwa mazoezi ya viungo. Siku ya kwanza mke wangu alibaki kwenye dirisha la mapokezi akiniandikisha, nami nikajiendea na fimbo yangu kuelekea chumba cha mazoezi. Mlangoni alikuwa amesimama bibi mmoja mwenye buibui, mkono wake wa kulia ukitetemeka polepole, kidole gumba kikisuguana na cha shahada kama anayevuta tasbihi. Nilidhani atapita. Hakupita. Na mimi breki sina.

“Bibi, nakuja!” nikapiga kelele.

“Ndoo basi, mwanangu,” akanikaribisha bila kugeuka.

Nikamgonga begani, si kwa nguvu, nikadaka mwimo wa mlango. Yeye badala ya kuanguka akaanza kwenda. Hatua moja, mbili, tano, mpaka katikati ya chumba, ndipo binti aliyesimamia mazoezi alipomdaka.

“Alhamdulillahi!” alisema bibi. “Robo saa nimeganda pale kama niliyepigiliwa msumari. Kumbe dawa ni kusukumwa!”

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa msichana mcheshi, lakini kazi yake aliijua. Ndiye aliyetufafanulia tofauti yetu. Ugonjwa wa bibi, ule wa kutetemeka unaowapata zaidi watu wazima, uko ndani kabisa ya ubongo, mahali panapoanzisha mwendo. Miguu iko tayari kutii, amri ndiyo inayochelewa. Mimi amri inafika haraka, ila hakuna wa kuisimamia.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. “Basi sisi wawili tukichanganywa,” akasema, “twapata mtu mmoja mzima.”

Tangu siku hiyo tukawa tunafanya mazoezi pamoja kila Jumanne. Binti alibandika vipande vya utepe sakafuni, kimoja kwa kila hatua, na bibi yule yule aliyeganda mlangoni alivivuka kimoja kimoja bila taabu. Jicho likiona mstari, binti alituambia, mguu hupata njia nyingine ya kupokea amri. Mimi nilibandikiwa utepe mmoja mrefu, nitembee juu yake kisigino kikigusa kidole. Halafu tulipewa kunde, tuzihamishe kutoka bakuli hadi bakuli. Zangu ziliruka mpaka dirishani. Zake zilidondoka njiani.

“Kunde hizi zatuchukia,” alikuwa akisema.

Alikuwa na duka la vitambaa Kisauni, alilorithi kwa babake. Siku moja alikuja bila utani wake, nikamwuliza kulikoni. Akaniambia miezi kadhaa hajakanyaga ndani ya duka hilo. Kila akifika kizingitini anaganda, wateja wanajazana nyuma yake, naye anaona haya. Duka amemwachia mpwa wake wa kike.

“Mwanangu, nanaswa mlangoni pa duka langu mwenyewe,” alisema, “kama mgeni asiyekaribishwa.”

“Bibi, pale kizingitini pana mistari?”

Akaniangalia. Kisha akaanza kutabasamu.

Jumamosi iliyofuata mimi na mke wangu tulipanda tuktuk hadi Kisauni na mkebe wa rangi ya manjano. Nilipiga magoti mlangoni pa duka, nikaegemeza kiwiko kwenye paja nilivyofunzwa, nikashika brashi kwa mikono miwili. Mstari wa kwanza ulikwenda kama nyoka. Wa pili ukaukimbia wa kwanza. Fundi cherehani wa ng’ambo ya barabara akavuka kuja kutazama.

“Nikusaidie, mzee?”

“Mwache,” bibi akamjibu kutoka kwenye kiti chake pale nje. “Yuwafanya mazoezi.”

Mistari mitano ilinichukua karibu asubuhi nzima. Jasho lilinitoka kuliko siku yoyote kwenye kreni, na wa tano, naapa, ulikuwa umenyooka. Rangi ilipokauka bibi akainuka. Akafika kizingitini, akasimama. Mpwa wake akatoka nyuma ya meza, mke wangu akaniminya mkono.

Bibi akainamisha uso, akaikagua kazi yangu.

“Mistari gani hii, mwanangu? Ningekuwa nakata kitambaa namna hii baba angenifukuza.”

Kisha akanyanyua mguu, akavuka wa kwanza. Akavuka wa pili. Alivuka yote mitano, akaendelea mpaka kwenye meza ya kukatia, akaipiga kwa kiganja, pa! Mpwa wake akapiga kigelegele, mke wangu akaitikia cha kwao bara, na fundi, aliyekuwa amerudi kazini kwake, akaacha cherehani yake ikikimbia peke yake. Bibi hakukaa. Alimwita mke wangu, akamteremshia leso moja baada ya nyingine amchagulie inayomfaa, mkono ukitetemeka na leso zikipepea.

Kwenye kreni sikurudi. Bandarini walinipa kazi ya chini, kuwafunza madereva wapya wa kreni, nami naipenda kuliko nilivyotarajia. Bibi hajapona, na hatapona. Ziko siku dawa zinashika na siku zinakataa. Lakini dukani anaingia.

Idi iliyopita alitualika nyumbani kwake, mimi na mke wangu na watoto. Tulipobisha hodi tulisikia sauti yake ndani: “Msifungue! Nawapokea mwenyewe!” Tukangoja. Tulimsikia akihesabu hatua, akikosea, akianza tena, akijicheka. Hatimaye komeo likavutwa, akasimama mbele yetu na nguo mpya na harufu ya udi.

“Karibuni. Mmengoja sana?”

“Hata kidogo, Bibi. Shikamoo.”

“Marahaba, wanangu. Ingieni, pilau yapoa.”