Bahasha ya Vitamini Niliyomwandikia Dada Yangu

Admin, nifichie jina, na wanaolijua duka nitakalolitaja nawaomba wanyamaze. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, mzaliwa wa Bwiza, Bujumbura. Najua nikimaliza kusimulia wapo watakaonitukana. Tukaneni tu, mwenyewe nimejitukana miaka mingi, ila mnijibu leo hii.

Wakati wa vita nilikuwa binti wa ishirini na kitu, nauza kwenye duka la dawa pale Bwiza. Sikusomea udaktari wala uuguzi. Kazi yangu ilikuwa kufungua makopo makubwa ya vidonge, kuvitia kwenye bahasha ndogo za karatasi na kuandika juu yake: asubuhi kimoja, jioni kimoja. Jina la dawa hatukuandika, nani angelisoma? Lakini nilivaa koti jeupe, na watu wa mtaa waliniita dokta. Nilipenda kuitwa hivyo, siwafichi.

Dada yangu, nimwite Zaituni, alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja mdogo, Salma. Mume wake alishushwa kwenye gari barabara ya Kamenge, kaskazini mwa mji, na hakurudi. Basi Zaituni akaota uvimbe kwenye titi la kushoto. Aliuficha mpaka siku aliposhindwa kulalia upande huo, ndipo akanionyesha. Tukangoja siku yenye utulivu, nikampeleka hospitali upande huo huo wa Kamenge.

Daktari aliongea Kifaransa. Zaituni Kifaransa hakukijua, kwa hiyo mfasiri nilikuwa mimi. Daktari alisema hii ni kansa, na lazima ikatwe mapema. Lakini damu yake ni kidogo, kwa hiyo ale vidonge vya kuongeza damu na vitamini kwa wiki mbili, halafu arudi apasuliwe. Akaniangalia usoni, akasema: "Vitamini haziponyi uvimbe. Zinamwandaa tu kwa operesheni. Mweleze vizuri."

Zaituni alikuwa amenishika mkono, analia. "Anasema nini? Wananikata?"

Nikamjibu: "Anasema tuanze na dawa kwanza."

Nilijiambia nitamweleza yaliyobaki tukifika nyumbani, akishatulia. Tulifika nyumbani, akatulia, nami nikanyamaza. Nikamjazia bahasha yake, vidonge vyekundu na vya njano, nikaandika kwa mkono wangu. Wiki ya kwanza haikuisha, akaanza kula vizuri. Mashavu yakarudi. Majirani wakasema Zaituni amepona, na mimi nikaacha waseme.

Siku ya kurudi hospitali risasi zililia kaskazini tangu asubuhi, magari ya Kamenge yakageuza. Hiyo siihesabu kuwa dhambi yangu. Lakini siku ya nne njia ilifunguliwa, watu wakaanza kupanda magari kama kawaida, na dada yangu akaja dukani akaegemea meza.

"Dokta wangu, twende ao tubaki? Mi naogopa kile kisu."

Na mimi niliogopa. Niliogopa ile barabara, na niliogopa zaidi kusema kwamba sikumwambia yote. Nikamjibu: "Tubaki. Si unaona unanenepa? Dawa inafanya kazi."

Ndugu zangu, dawa ilifanya kazi yake, iliongeza damu. Uvimbe nao uliendelea na kazi yake. Ukawa mgumu, ukapasuka, ukawa kidonda chenye harufu ambayo mpaka leo naisikia nikifungua kabati la zamani. Na Zaituni hakunishuku hata siku moja. Alikuwa anasema: "Niongezee zile za njano," nami namwongezea. Wanawake wengine wakaanza kuja dukani kwa siri, wakishika vifua vyao: "Tupatie dawa ya Zaituni." Niliwauzia. Waliishia wapi, sijui, na sikuthubutu kuuliza.

Tulimzika kabla mwaka haujaisha. Salma nikamlea mimi. Alipokua akawa ananiuliza mama yake alikufaje, na kila mara nilimjibu kwamba alikufa kwa kansa, ila vitamini zilimwongezea siku. Nilirudia maneno hayo mpaka mwenyewe nikakaribia kuyaamini.

Sasa Salma ana uvimbe. Titi la kushoto. Madaktari wamesema umeonekana mapema, akikatwa sasa ana nafasi nzuri ya kupona. Operesheni ni Jumatatu. Juzi amekuja kwangu, ametulia kabisa, na utulivu wake ndio ulionitisha.

"Mama mudogo, mi siendi Jumatatu. Unipatie zile ulimupatia mama."

Nikamwambia amsikilize daktari. Akanijibu: "Dokta anasema vitamini zinasaidia mwili tu, haziponyeshe kansa. Lakini ye hakumuona mama. We ulimuona."

Akafungua mkoba, akatoa bahasha. Ile ile. Imegeuka rangi, imekunjika, lakini mwandiko ni wangu: asubuhi kimoja, jioni kimoja. Kumbe ameitunza miaka yote hii. Akaiweka mezani pamoja na bahasha nyingine mpya, tupu. "Andika we mwenyewe," akasema, "kama ulivyomwandikia."

Nikimwambia ukweli, atajua aliyemlea ndiye aliyemzuia mama yake asipone, na sina mtu mwingine duniani. Naogopa pia atakimbia, asinisikilize mimi wala daktari. Nikinyamaza, nitamzika kama nilivyomzika Zaituni.

Anapita kuzichukua leo baada ya alasiri. Bahasha zote mbili ziko mbele yangu, na kalamu ninayo. Nishaurini, jamani, niandike nini?