Fundi Anayeonja Betri

Fundi redio wa Lemara hupima betri kwa ncha ya ulimi, akikunja uso kama anayeonja pombe ya mbege iliyochacha, kisha hutangaza msiba. "Hii imekufa, mama." Mama Ndewario alikuwa ameianika juani siku nzima, kwenye kichanja cha kahawa, akaona ameonewa. Jumapili kwaya ya Akheri ilipaswa kuimba wimbo uliobaki ndani ya kaseti yake tu. Fundi akatia betri mpya kwenye kiredio alichokileta mama, kaseti ikiwa ndani, akasugua kwa mswaki kitufe kilichonata. "Nacho kimekufa." Akakibonyeza hivyo hivyo; kwaya ikalipuka. Fundi, mzikaji wa kila kitu, akafumba macho akadakia besi.

"Kumbe! Njoo Jumapili basi, baba. Besi wetu pumzi zimemwishia."

"Huyo," alisema fundi, macho bado kayafumba, "amekufa."